Chuo cha wanawake au cha mchanganyiko: namna ya kuamua kabla hujatuma maombi Marekani

Binti akileta nyumbani orodha ya vyuo vya Marekani, na ndani yake kuna Wellesley, Smith au Bryn Mawr, baba hufurahi: "Cha wasichana watupu? Safi sana." Binti mwenyewe hununa, maana ametoka kumaliza miaka kadhaa ya bweni la wasichana na alikuwa anahesabu siku za kutoka. Wote wawili wanaona kitu kimoja, yaani geti, matroni na kengele ya kuzima taa. Na wote wawili wanakosea.

Mwongozo huu ni wa anayemaliza sekondari Tanzania, Kenya au Uganda na anafikiria shahada ya kwanza Marekani, pamoja na mzazi wake. Msimamo wangu niuseme mapema: kuwa chuo ni cha wanawake au cha mchanganyiko kunaamua mambo machache kuliko watu wanavyodhani. Majirani wa chuo, idara ya fani yako, na kiasi utakachobaki unadaiwa baada ya msaada vinaamua mengi zaidi. Lakini hayo machache si madogo, kwa hiyo tuanze nayo.

Hatua ya 1: Ondoa picha ya shule ya bweni

Kwetu vyuo vikuu vya wanawake ni vya kutafuta kwa tochi. Kiriri ya Nairobi ilianzishwa kuwa ya wanawake, na baada ya hapo unaanza kufikiri sana. Ndiyo maana mfano pekee tulio nao kichwani ni sekondari: Kilakala, Msalato, Tabora Girls, Alliance Girls, Gayaza. Mfano huo hausaidii hapa.

Mwanafunzi wa chuo cha wanawake Marekani ana miaka 18 na kisheria ni mtu mzima. Anatoka na kurudi saa anayotaka. Wageni wa kiume wanaruhusiwa kumtembelea bwenini kwa taratibu za bweni husika. Maprofesa wanaume wapo, na vijana wa kiume kutoka vyuo jirani huja kuchukua masomo na kukaa kiti cha pembeni. Smith, Bryn Mawr na Mount Holyoke hata hupokea wanaume kwenye shahada za juu. Mzazi anayetafuta ulinzi asije kuchagua chuo hiki kwa sababu hiyo, atakuwa amenunua kitu ambacho hakiuzwi. Na binti anayekikwepa kwa kuogopa sheria anakimbia sheria ambazo hazipo.

Tofauti ya kweli iko kwenye nani anashika nafasi. Rais wa serikali ya wanafunzi, mhariri wa gazeti la chuo, nahodha wa timu ya roboti, mtu wa kwanza kumpinga profesa kwenye darasa la fizikia: wote ni wanawake, na hakuna anayeliona kuwa jambo la kushangaza. Kwenye chuo cha mchanganyiko nafasi hizo zinagombewa na wote, na wanawake wanazipata pia. Wanawake ni zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza Marekani nzima, kwa hiyo usidhani chuo cha mchanganyiko ni dunia ya wanaume. Ila kwenye uhandisi na kompyuta hesabu hubadilika sana, na huko ndiko msichana anaweza kujikuta wa tatu au wa pekee kwenye kundi la mradi.

Jipime kwa ukweli. Kama shuleni ulikuwa unanyoosha mkono bila kuangalia nani yuko darasani, hoja hii haina uzito mkubwa kwako. Kama ulikuwa unajua jibu na unasubiri mwingine aseme, ina uzito.

Hapo shangazi mmoja atauliza, na huwa hakosekani: "Sasa huyu mtoto atazoea lini kufanya kazi na wanaume?" Mjibu kwa kumtaja Wangari Maathai. Alisoma Loreto Limuru, shule ya wasichana. Mwaka 1960 akaenda Kansas, Mount St. Scholastica, chuo cha wanawake kilichoendeshwa na masista wa Kibenedikto, akamaliza biolojia mwaka 1964. Kutoka hapo akachukua shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Pittsburgh, cha mchanganyiko, na mwaka 1971 shahada ya uzamivu Nairobi. Mwaka 1989 alisimama dhidi ya serikali nzima iliyotaka kupandisha ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na ghorofa halikujengwa. Hakuonekana kukosa mazoezi ya kubishana na wanaume. Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha ubora wa vyuo vyote vya wanawake, lakini kwa swali la shangazi anatosha.

Jambo moja zaidi kabla hatujaondoka hapa. Kila chuo cha wanawake kina sera yake iliyoandikwa kuhusu nani anaruhusiwa kuomba nafasi, wakiwamo watu waliobadili jinsia, na sera hizo hazifanani. Mount Holyoke iliandika ya kwake mwaka 2014. Msome ninyi wenyewe, mzazi na binti, msisimuliwe na kundi la WhatsApp.

Hatua ya 2: Angalia jirani wa chuo ni nani

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na vyuo vya wanawake zaidi ya 200. Leo vimebaki takribani thelathini. Mwaka 1969 Yale na Princeton vilifungua milango kwa wanawake wa shahada ya kwanza, vingine vikafuata, na wasichana waliokuwa wakienda vyuo vya wanawake kwa kukosa pengine pa kwenda wakapata pa kwenda. Vassar ikaanza kupokea wanaume mwaka huohuo wa 1969. Radcliffe ikamezwa na Harvard, jambo lililokamilika mwaka 1999. Chuo cha Maathai kiliungana na cha wanaume kilichokuwa jirani mwaka 1971 na sasa kinaitwa Benedictine.

Vingi vya maarufu vilivyobaki vimejishikiza kwa majirani, na hapa ndipo swali la "wanawake au mchanganyiko" linapoanza kulainika.

Barnard iko New York, unavuka barabara ya Broadway unaingia Columbia. Unachukua masomo pande zote mbili, na shahada unayopewa ni ya Chuo Kikuu cha Columbia. Ukisema Barnard ni maisha ya wanawake watupu, wanafunzi wake watakucheka.

Scripps, huko Claremont, California, inagusana na vyuo vinne vya mchanganyiko vya shahada ya kwanza: Pomona, Claremont McKenna, Harvey Mudd na Pitzer. Unatembea kwa miguu. Bryn Mawr na Haverford, nje kidogo ya Philadelphia, vinaunganishwa na basi la bure, na mwanafunzi wa kimoja anaweza kuchukua fani kuu kwenye kingine. Spelman, chuo cha kihistoria cha wanawake weusi kilichoanzishwa Atlanta mwaka 1881, kimepakana na Morehouse cha wanaume na Clark Atlanta cha mchanganyiko.

Smith na Mount Holyoke viko magharibi mwa Massachusetts, katika muungano mmoja na Amherst na Chuo Kikuu cha Massachusetts, na mabasi yanazunguka kati yao. Hapa jirani yuko mbali zaidi: ni safari ya basi, na Januari ya Massachusetts ina theluji. Mount Holyoke ipo South Hadley, mji mdogo na mtulivu. Wellesley iko kama kilomita 20 kutoka Boston, na wanafunzi wake huchukua masomo MIT, chuo cha sayansi na teknolojia.

Zoezi la hatua hii ni dogo: tafuta ratiba ya basi la chuo unachokifikiria, uone la mwisho linaondoka saa ngapi Ijumaa usiku na yako mangapi Jumapili. Kisha uliza ni wanafunzi wangapi kweli huchukua masomo kwenye chuo jirani. Muungano ulioandikwa kwenye kipeperushi na muungano unaotumiwa kila wiki ni vitu viwili.

Hatua ya 3: Shuka mpaka kwenye idara

Usilinganishe Smith na Cornell, chuo kikuu kikubwa cha mchanganyiko. Linganisha uhandisi wa Smith na uhandisi wa Cornell. Smith ni chuo cha kwanza cha wanawake Marekani kuwa na shahada yake ya uhandisi, na wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 2004. Wellesley haina shahada yake ya uhandisi, ingawa wanafunzi wake huchukua masomo hayo MIT na chuo cha Olin. Kama ndoto yako ni uhandisi wa umeme kwa undani wake, na maabara kubwa kubwa, chuo kidogo cha aina yoyote, cha wanawake au cha mchanganyiko, kitakubana. Kama ni biolojia, uchumi, hisabati, siasa au kemia, chuo kidogo kinaweza kukufaa kuliko kikubwa, kwa sababu mara nyingi maabara haina wanafunzi wa uzamivu wa kukunyang'anya kazi ya utafiti na profesa anakujua kwa jina.

Ukubwa uuweke akilini. Bryn Mawr ina wanafunzi wa shahada ya kwanza kama 1,400. Scripps ni kama 1,100. Smith na Wellesley ni kama 2,500. Kuna sekondari Dar es Salaam zenye watoto wengi kuliko hao. Mara nyingi anayelalamika kuwa "chuo cha wanawake kimenichosha" amechoshwa na udogo wake, na angechoka vilevile Amherst au Haverford.

Hatua ya 4: Pesa, na hapa twende taratibu

Bei iliyoandikwa ya vingi kati ya vyuo hivi, ada pamoja na chakula na malazi, huzidi dola 80,000 kwa mwaka. Usiitazame hiyo. Tazama utalipa nini baada ya msaada, na tazama kama kuomba msaada kutapunguza nafasi yako ya kuchaguliwa.

Kuna vyuo vichache vinavyofanya uamuzi juu ya mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wa familia yake, kisha vikimchagua, vinaziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin vimo. Vyote ni vya mchanganyiko. Wellesley, Smith, Bryn Mawr na Mount Holyoke hujitolea kuziba pengo la mwanafunzi wa kigeni waliyemchagua, lakini wakati wa kuchagua wanaangalia anahitaji kiasi gani. Mwenye uwezo wa kulipa dola 15,000 na asiye na kitu hawapimwi kwa mizani ileile.

Hilo lisikufanye uvifute vyuo vya wanawake, kwa sababu vile saba nilivyotaja vinachukua watu wachache mno. Mount Holyoke hupokea sehemu kubwa zaidi ya waombaji kuliko Amherst, jirani yake, na tofauti si ndogo. Kwa upande mwingine Barnard ni ngumu: kwa miaka ya karibuni imepokea chini ya waombaji 10 kati ya 100.

Kisha kuna tuzo za ufaulu, ambazo hazijali baba yako ana nini. Wellesley haitoi hata moja. Mount Holyoke na Agnes Scott ya Georgia hutoa. Ukiwa na matokeo mazuri na familia ya kipato cha kati, yaani ile inayoonekana tajiri kwenye fomu na maskini kwenye akaunti ya benki, tuzo hizi zinaweza kuwa ndiyo njia yako.

Fanya hivi: kwa kila chuo kwenye orodha yako, ingia kwenye kikokotoo cha gharama cha tovuti yao, au waandikie ofisi ya udahili swali moja lililonyooka: "Mwanafunzi wa kigeni anayehitaji msaada mkubwa, mnapima vipi?" Jaza fomu ya kuomba msaada iitwayo CSS Profile mapema na mzazi akiwa pembeni, maana inauliza mpaka thamani ya nyumba na shamba. Na usijifanye huhitaji msaada ili uchaguliwe kwanza uje kuomba baadaye. Vyuo vingi haviruhusu mwanafunzi wa kigeni kuanza kuomba msaada akiwa ameshaingia.

Hatua ya 5: Uliza kama chuo kitakuwepo

Swali hili wazazi wetu hawaliulizi, wakidhani chuo cha Marekani hakifi. Sweet Briar ya Virginia ilitangaza Machi 2015 kwamba inafunga, na ikaokolewa na wahitimu wake waliochangishana na kwenda mahakamani. Mills ya California ilitangaza kupokea wanaume mwaka 1990, wanafunzi wakagoma mpaka uamuzi ukafutwa, lakini mwaka 2022 iliishia kumezwa na Northeastern na sasa ni ya mchanganyiko. Vyuo vidogo vya mchanganyiko vinafungwa pia. Wells ya New York ilikuwa ya wanawake, ikaanza kupokea wanaume mwaka 2005 ili ijiokoe, na mwaka 2024 ikafunga kabisa.

Wellesley na Smith zina mfuko wa akiba unaozidi dola bilioni 2 kila moja. Hazina shida hiyo. Kwa chuo kidogo usichokisikia, tafuta habari za miaka mitatu ya karibuni: wamefuta idara? wamepunguza walimu? idadi ya wanafunzi inashuka?

Hatua ya 6: Zungumza na dada aliyepo

Karibu kila chuo nilichokitaja kina chama cha wanafunzi Waafrika. Andika barua pepe kwa adabu, ujitambulishe unatoka wapi, na uombe nusu saa ya simu. Usiulize "chuo ni kizuri?", utajibiwa kizuri. Uliza: Dada, wikendi iliyopita ulikuwa wapi? Marafiki zako wa kiume ulikutana nao wapi? Likizo ya Desemba bweni linapofungwa unalala kwa nani? Nani husuka nywele huko na anatoza kiasi gani? Umeshawahi kutamani kuhama, na ilikuwa kwa sababu gani?

Hilo la mwisho lina thamani kuliko yote. Akitaja baridi, upweke wa mji mdogo au chakula, hayo utayakuta popote. Akitaja kukosa mchanganyiko wa watu darasani, sikiliza, kisha muulize kama basi la chuo jirani analitumia.

Kama una dini unayoishika, uliza kuhusu msikiti ulio karibu, chakula cha halali, au kanisa. Na mwambie mzazi wako ukweli mapema kwamba kwenye vyuo vya wanawake, na kwenye vyuo vingi vya mchanganyiko vya aina hii, wapo wanafunzi wanaoishi waziwazi mapenzi ya jinsia moja. Afadhali baba alijue leo, mkiwa mezani pamoja, kuliko aligundue kwenye picha za siku ya kuripoti.

Hatua ya 7: Panga orodha na tarehe

Huhitaji kuchagua upande sasa. Weka vyote viwili kwenye orodha moja: cha wanawake chenye jirani wa kutembea kwa miguu, cha wanawake cha mji mdogo, vya mchanganyiko viwili vitatu vidogo, kimoja kikubwa, na kimoja cha nyumbani ambacho kweli ungekwenda.

Anayefanya mtihani wa kidato cha sita Mei huomba Novemba hadi Januari, na akichaguliwa anaondoka Agosti ya mwaka unaofuata. Utaratibu wa Early Decision, wenye mwisho Novemba 1 au 15 kwa vyuo vingi, ni ahadi: ukichaguliwa unakwenda, na huna tena nafasi ya kulinganisha msaada. Kwa mtu ambaye bado anayumba kati ya aina mbili za chuo, ni mtego. Subiri mzunguko wa kawaida wa Januari, isipokuwa kama chuo kimoja kimeshakukaa moyoni na hesabu za kikokotoo zimekubali. Wellesley na Smith hazitozi ada ya maombi, kwa hiyo kuziongeza hakukugharimu chochote zaidi ya insha. Washauri wa EducationUSA walioko chini ya balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi husaidia bila malipo. Yeyote anayekuomba laki kadhaa kwa "kukuunganisha na chuo" mkatalie.

Halafu viza. Juni 2025 Marekani ilisimamisha viza za wanafunzi kwa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo, na Desemba mwaka huohuo orodha ya nchi zenye vizuizi ikarefushwa, na nchi zaidi za Afrika zikaingia. Kabla hujalipa chochote, angalia tovuti ya ubalozi uone hali ya nchi yako wiki hiyo, si ya mwaka jana. Hili linaweza kukuamulia kila kitu kabla swali la wanawake au mchanganyiko halijafika.

Hatua ya 8: Barua zikija mbili

Majibu ya mzunguko wa kawaida hutoka Machi, na una mpaka Mei 1 kuthibitisha. Tuseme umepata Mount Holyoke na chuo cha mchanganyiko. Anza na fedha: andika kwenye karatasi moja kiasi familia italipa kila mwaka, kwa miaka minne, pamoja na tiketi ya ndege na bima ya afya. Tofauti kati ya vyuo viwili ikizidi dola elfu tano kwa mwaka, mara nyingi mjadala umekwisha hapo, na hakuna aibu. Unaweza pia kukiandikia chuo cha bei kubwa, ukiambatisha barua ya kile kingine, uombe wapitie upya msaada wao. Wengine hukubali.

Fedha zikilingana, chukua orodha za masomo za vyuo vyote viwili na uandike masomo manne ambayo ungeyasoma muhula wa kwanza, kwa majina na saa zake, pamoja na bweni ambalo ungelala na jinsi ungefika darasani. Fanya hivyo kwa kila chuo, siku mbili tofauti. Ratiba moja itakupa hamu ya kuendelea kuipanga mpaka muhula wa pili. Mwonyeshe mama hiyo.

Ukishathibitisha, waandikie vyuo vingine wiki hiyohiyo kuwaambia hutakwenda. Kuna msichana mahali fulani yuko kwenye orodha yao ya kusubiri.